Mbegu za mama mkwe na mlango mdogo wa Wamarekani

Mama mkwe alikuwa anasafiri kwenda Minnesota kumwona mjukuu, na kazi ya kupanga begi nilipewa mimi, maana kwenye familia hii anayejua kukunja vitenge mpaka kilo 23 zitoshe ni mimi peke yangu. Katikati ya vitenge na dagaa nikakuta bahasha za dawa, zile ndogo za zahanati zilizoandikwa 1x3, zimefungwa kwa selotepu. Nikafungua moja. Mbegu za mnavu. Nyingine mchicha, nyingine mlenda.

"Mama, na hizi?"

"Mbegu tu hizo mwanangu, wifi yako kaniomba. Huko wanakula majani hayana ladha."

Nikazitoa. Sikuwa na sababu nzuri ya kumwambia, nilikuwa nimesikia tu juujuu kwamba Wamarekani kwenye mambo ya mimea hawana utani. Mama akanuna mpaka tunafika uwanja wa ndege wa KIA, na alipotua huko wifi yangu akanitumia voice note ndefu kama hotuba ya harusi: yaani wifi ulishindwa hata kuzitia kwenye viatu?

Tangu hapo hili jambo halijanitoka kichwani.

Maana maswali yalikuwa mawili na sikuweza kulijibu hata moja. Kwanza, ni kweli gramu chache za mnavu zinaweza kuidhuru Marekani? Pili, kama zinaweza, mbona sisi huku tunaletewa pakiti za nyanya na pilipili kutoka Dubai na Guangzhou na ndugu zetu na hakuna anayeshtuka?

Nilianza na wifi

Nikajipa kazi ya kusoma ili nimjibu. Suala la viatu lilikuwa rahisi: ukificha wakakukamata, faini ya mtu wa kawaida asiyefanya biashara, kosa la kwanza, inaweza kufika dola 1,000. Ukisema mwenyewe kwamba una mbegu, kibaya zaidi ni kunyang'anywa. Kwa hiyo viatu ndo vingetupeleka pabaya zaidi.

Lakini nikakutana na kitu ambacho sikukitarajia kabisa.

Wizara yao ya kilimo ina kibali cha watu wa mbegu kidogo. Kwa kawaida mbegu za kupanda zikiingia Marekani zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya nchi zilikotoka. Kwenye hiki kibali cha mbegu kidogo, cheti hakihitajiki. Anayeomba ni yule anayepokea kule, kwa hiyo wifi, sio mama wala mimi, na halipi kitu. Masharti ni haya: kila pakiti mmea wa aina moja, mbegu zisizidi 50 au uzito usizidi gramu 10, pakiti zisizidi 50 kwa mzigo mmoja, zisiwe na udongo, zisiwe na mabaki ya majani, zisiwe zimepakwa dawa. Nje ya pakiti pawe na jina la aliyetuma, nchi zilikotoka, na jina la kisayansi la mmea, angalau jenasi, yaani lile neno la kwanza la jina. Halafu mzigo hauendi nyumbani kwa wifi moja kwa moja, unabandikwa lebo ya kijani na njano, unapita kwanza kwenye kituo cha wakaguzi wa mimea, wanafungua, wanaangalia, ndo wanauachia.

Kuna mimea ambayo haipiti hata hapo. Kangkong kwa mfano, ile mboga ya maji ambayo Waasia wanaipenda, kwao imeandikwa kwenye orodha ya magugu hatari ya taifa zima.

Nikamtumia wifi maelezo. Akajibu fasta: sawa, naandika mnavu, mchicha, mlenda.

Wifi, wanataka jina la kisayansi.

Hapo ndo tukakwama. Mchicha ni Amaranthus, hauna shida. Mnavu ni Solanum, ila kwenye bustani ya mama iko miwili mitatu imechanganyika, kuna wa majani mapana wenye matunda meusi manene ambao ni Solanum scabrum, na kuna wa matunda ya rangi ya chungwa ambao ni Solanum villosum, na mama anakamua yote kwenye kopo moja. Wamesema jenasi inatosha, lakini pia wamesema kila pakiti mmea mmoja. Na mlenda ndo usiseme. Mlenda wa sokoni kwetu ni Corchorus, mlenda wa Dodoma ni ndugu yake ufuta kabisa, ukoo mwingine. Mbegu za kwenye ile bahasha mama kapewa na shoga yake wa kanisani. Ni mlenda upi? Anayejua ni shoga wa kanisani, na yeye anaujua kwa kuupika.

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kama sisi wenyewe hatujui tunatuma nini, yule mkaguzi wa kule Marekani atajuaje?

Bomet

Mimi ni mtu wa Arusha, na wazee wa huku mahindi ya 2012 wanayakumbuka.

Ugonjwa wa mahindi unaoitwa MLN ulianzia Kenya, Bomet, Septemba 2011. Mahindi yanapata michirizi ya njano, majani yanaanza kukauka kuanzia pembeni, gunzi linakuja dogo au halina kitu. Mwaka uliofuata ukaonekana kwetu, Mwanza na Arusha, na Uganda nako. 2013 Rwanda na Kongo, 2014 Ethiopia. Watu wa utafiti walipochunguza wakakuta ni virusi wawili wamekutana kwenye mmea mmoja. Mmoja alikuwepo hapa siku nyingi, yule wa miwa, mkulima alikuwa anaishi naye bila kufa njaa. Mwingine alikuwa mgeni. Alishajulikana Peru tangu miaka ya 1970, na yule aliyekutwa Kenya anafanana sana na wa Yunnan, China.

Peru, China, Bomet. Huyo hana mabawa ya kuvuka bahari, kuna kitu kilimbeba.

Wadudu wadogo kama vithiripi ndio wanaomsambaza kutoka mmea hadi mmea, lakini mdudu hatoki Yunnan mpaka Bomet kwa nguvu zake. Mbegu zinatajwa sana kama njia mojawapo. Na hapo nikaona mbona hii stori sio mpya, dumuzi naye, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, yule ambaye wakulima walimbatiza Scania, alitokea Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na inaaminika alikuja na shehena ya mahindi. Leo kila ghala Afrika Mashariki linanunua dawa kwa ajili yake. Aliyempokea Tabora hakulipia hiyo bili peke yake. Inalipwa na bibi wa Songea ambaye hajawahi hata kuiona hiyo shehena.

Hiki cheti cha afya ya mimea nilikuwa nakiona kama urasimu wa kumsumbua mtu na pakiti yake. Baada ya Bomet nikaanza kukiona tofauti. Mwenye pakiti hakimhusu sana, kimewekwa kwa ajili ya jirani yake. Ndo maana kinatolewa na serikali kwa serikali, sio na kampuni wala muuzaji, kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951 ambao ofisi yake iko FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, Roma.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshawishika. Sheria ina haki, mama alikosea, kesi imefungwa.

Siku kama mbili hivi.

Kumi na saba kati ya elfu arobaini na mbili

Kilichonirudisha nyuma ni namba. Mwaka 1991 yalichapishwa majaribio ya watafiti waliotesha mbegu za mahindi yaliyougua yule yule kirusi mgeni, mbegu kama 42,000, halafu wakahesabu miche iliyozaliwa ikiwa na ugonjwa. Ilikuwa 17.

Kumi na saba! Asilimia 0.04.

Nikachukua kalkuleta ya simu. Tuseme mbaya kabisa, kwamba mbegu zako zote zimetoka kwenye mahindi yaliyougua. Kwenye pakiti ya mbegu 50 uwezekano wa kukuta hata moja yenye kirusi ni kama asilimia 2. Sasa chukua tani moja ya mbegu hizohizo. Kilo moja ya mahindi ni punje kama 3,000, tani ni milioni 3, asilimia 0.04 ya hapo ni mbegu 1,200 zenye ugonjwa, zimesambazwa kwenye maduka ya pembejeo wilaya nzima, zote zinapandwa wiki moja mvua inaponyesha.

Nikamwambia baba watoto, unaona, sheria inamkimbiza mama yako wakati hatari iko kwenye malori.

Yeye alisomea kilimo kabla hajahamia kwenye spea za magari, kwa hiyo huwa haniachii. Akasema tani ina namba ya loti, ina kampuni, ina risiti, ikigundulika mbovu unajua wapi pa kuifuata na nani wa kumshtaki. Bahasha ya mama ikishazama kwenye bustani ya mtu nani anaijua? Halafu akaniuliza, bahasha ni moja? Unafikiri ndege zinazoshuka KIA na Dar kwa wiki zina mama wangapi?

Nikanyamaza kwanza.

Ila nilipoendelea kusoma nikakuta jambo ambalo hata yeye hakulijibu. Ili kupima virusi kwenye mbegu lazima usage mbegu. Kwa virusi vya nyanya njia inayotumika sana inataka sampuli ya mbegu 3,000. Mtu wa pakiti ya mbegu 50 hata akiwa mwema kuliko malaika, hata akienda maabara na hela mkononi, hana cha kupimisha. Akitoa zote hazitoshi, na hata zingetosha zingesagwa na asirudi nazo nyumbani. Kwahiyo ukimwambia "leta cheti cha maabara" umemwambia "usilete" kwa lugha ya kiofisi.

Hapo ndo nikauelewa ule mlango mdogo wa Wamarekani. Wamekubali kwamba pakiti ndogo haipimiki, wakabadilisha kipimo kwa vitu vinavyowezekana: idadi, jina, usafi, na macho ya mtu aliyesomea. Hawajasema mbegu kidogo ni salama. Wamesema kidogo, inayojulikana jina lake, iliyoangaliwa, hiyo hatari tunaweza kuibeba.

Halafu karafuu je

Kuna usiku nilikaa nawaza, hivi hizi sheria zingekuwepo zamani sisi tungekuwa tunakula nini?

Mahindi sio ya kwetu. Mihogo sio ya kwetu. Nyanya, pilipili, maharage, karanga, vyote vimevuka bahari bila kibali cha mtu. Karafuu ya Unguja na Pemba ndo kabisa, maana Waholanzi walikuwa wameifungia kule visiwa vya Maluku, aliyeitorosha adhabu yake kifo, mpaka Mfaransa Pierre Poivre akafanikisha miche na mbegu kutoroshwa zikafika Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa ndo ikaja kufika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Uchumi wa visiwa kwa miaka mingi ulisimama juu ya mzigo wa magendo.

Na mkonge wa Tanga! Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, mingi ikafa njiani, ikafika hai 62. Sitini na mbili tu. Mashamba yote yale unayoyaona ukipita Korogwe kwenye basi yanaanzia hapo.

Hii ilinisumbua kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba kidogo kinaweza kuwa kingi sana. Hizo 62 zingeweza kuwa mathenge.

Watu wa Baringo, Kenya, wanajua ninachosema. Mathenge, ule mti wa Prosopis juliflora, ilipandwa kule miaka ya 1980 kwenye mradi wa kuni na kuzuia jangwa, serikali ilijua, FAO ilijua, kila karatasi ilikuwepo. Haikuingia kwenye bahasha ya dawa ya mama wa mtu. Leo imekula malisho, imefunga njia za maji, na maganda yake matamu yameoza meno ya mbuzi mpaka wananchi wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi, 2006. Mahakamani, mbuzi. Naipenda sana hiyo kesi.

Cheti kinauliza mbegu ina ugonjwa? Mathenge ingejibu hapana, niko mzima kabisa, na ingekuwa inasema kweli. Shida ya mathenge ilikuwa mathenge yenyewe.

Kuna na shaka nyingine ya pembeni, nitaitaja tu nipite. Hizi karatasi za afya ya mimea zinageuka fimbo ya biashara pia. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Afrika Kusini baada ya ndizi zetu kufungiwa kule kwa miaka, siku chache baadaye wakazungumza zuio likaondolewa. Ndizi hazikubadilika ndani ya siku hizo. Sasa mwananchi akiona hivyo halafu umwambie sheria ya mbegu ni sayansi tupu, atakuangalia tu.

Huku kwetu

Tuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, tuna TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, makao makuu yako hapa hapa Arusha, na ukitaka kuuza mbegu kuna TOSCI, wathibitishaji wa ubora wa mbegu, Morogoro na Sheria ya Mbegu ya 2003. Kenya wana KEPHIS, wakaguzi wao wa afya ya mimea, na kituo chao cha karantini Muguga. Utaratibu wa kuingiza unafanana: unaomba kibali kabla mzigo haujatoka kule, unamtumia anayekuletea, kule wanakagua na kutoa cheti, ukifika mpakani unakaguliwa tena. Kwa kampuni hii ni njia nzuri na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni kwamba mtu wa pakiti moja anaonyeshwa njia hiyohiyo ya mtu wa kontena. Na mtu wa pakiti moja hapiti huko. Hapiti, tusidanganyane. Anaagiza mtandaoni, muuzaji anaandika kwenye bahasha "urembo" au "zawadi", inapita. Au anakuja nayo shangazi kwenye begi la mkononi katikati ya chokoleti. Kwa hiyo matokeo ya sheria kali ya pakiti ndogo ni kwamba pakiti ndogo zote zinaingia bila kuonwa na mtu hata mmoja.

Usidhani kwa wenzetu hazipenyi. Julai 2020 watu kwenye majimbo yote 50 ya Marekani walianza kuripoti bahasha za mbegu kutoka China ambazo walisema hawakuagiza. Mbegu zenyewe zilikuwa za kawaida sana, mnanaa, haradali, kabichi, mawaridi. Serikali ikatangaza msizipande, na wapo waliokuwa wameshazipanda! Septemba mwaka huohuo Amazon ikafunga uuzaji wa mbegu kutoka nje kwenda Marekani. Kwa hiyo hata kwa mwenye mlango mdogo bado watu wanaruka dirishani. Lakini wifi yangu, ambaye alikuwa tayari kuzitia kwenye viatu, sasa anajaza fomu. Huyo mmoja ameshatoka dirishani.

Waliopo Ulaya wasinisingizie nimewasahau: tangu Desemba 14, 2019 Umoja wa Ulaya wanataka cheti kwa karibu kila kitu cha mimea kwenye begi lako, matunda matano tu ndo yameachwa, nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Mbegu za kupanda hazimo. Huko mlango mdogo haupo, usijaribu.

Ninachotaka mimi ni hiki. Tuwe na kibali cha bure cha pakiti ndogo, mbegu 50, jina la mmea, mkaguzi azione KIA, Dar, Namanga, Holili, Tunduma. Mtu aombe kwenye simu. Zinazojulikana kuwa hatari zisiruhusiwe kabisa, mahindi kwanza kwa sababu ya yaliyotokea, na mmea mpya usio na historia hapa upitie kwa watu wa magugu kabla, ili tusipate mathenge mwingine.

Nilipomsomea baba watoto hii aya akaniuliza swali moja tu: na nyanya na pilipili?

Kuna kirusi cha nyanya kilichoonekana Israel 2014 na Jordan 2015, kinakaa kwenye ganda la mbegu, kinahama kwa mikono ya mchumaji na kwa mkasi na kwa nguo, na hakihitaji hata mdudu. Ulaya waliweka masharti ya dharura Novemba 2019 kwa sababu yake. Kwa hesabu zangu mwenyewe za hapo juu, nyanya na pilipili hazifai kupita kwenye mlango wa macho, maana hiki hakionekani kwa macho juu ya mbegu. Zinatakiwa zibaki na maabara na sampuli ya mbegu 3,000.

Na ukiangalia watu wanaoagiza pakiti ndogo kutoka nje, karibu wote wanaagiza nyanya na pilipili. Mnavu na mlenda tunavyo hapa.

Hapo sina jibu bado. Kama unafanya kazi kwenye ukaguzi wa mimea, Namanga au popote, niambie mngefanyaje na hizo mbili, na kama kuna mtu anaweza kutofautisha mbegu za mlenda kwa picha naomba anicheki, wifi anasubiri kujaza fomu.